Natalina Mbele ya Picha Yake Mwenyewe

Katika hoteli moja ya makontena mtaani Thongpiny, mjini Juba, wageni walianza kulalamika kwamba dobi anagombana na mashati yao. Malalamiko yalikuwa ya kweli. Kila asubuhi, mvuke wa pasi ukishapanda, Natalina aliliinua shati la mgeni mmoja, akalitazama kwenye kola kana kwamba hapo ndipo penye macho, akaliambia kwa Kiarabu cha Juba kwamba gari lake ni zuri, lakini mkewe yuko wapi? Kisha alinyamaza. Akakunja uso. Akaanza upya, kwa ukali zaidi, kwa sauti iliyopita juu ya ukuta wa mabati, ikamvuka mlinzi wa lango, ikamfikia muuza vocha wa simu ng'ambo ya barabara, naye akageuka kutazama ni mume wa nani aliyefumaniwa.

"Hilo shati limekukosea nini, Natalina?" aliuliza Kiprono, kijana wa Kikenya aliyekuwa akipokea wageni mezani.

"Linanitaka," akajibu Natalina, "na lina mke."

Kiprono alicheka hadi akamsahau mgeni aliyekuwa akingoja ufunguo. Huo ulikuwa mwaka wa tatu tangu mkataba wa amani utiwe sahihi. Watu walikuwa wakirudi kutoka kila upande wa dunia na masanduku yao, mji ukivimba kama unga uliotiwa hamira, na Natalina, mfua mashuka na mpiga pasi, alikuwa anajifunza kuwa nyota wa sinema.

Mambo yalianza kwenye ngazi. Saturnino, mchoraji wa mabango ya maduka kutoka mtaa wa Nyakuron, alikuwa amepanda juu kuandika upya jina la hoteli wakati Natalina alipomkuta mgeni mmoja akifuta viatu vyake vya matope kwa taulo jeupe. Natalina alimkaripia mgeni yule kwa Kiswahili, akamrudia kwa Kiingereza, na alipoona bado hajaona aibu ya kutosha akammalizia kwa Kikuku, lugha ya kwao Kajo-Keji. Mgeni aliomba radhi katika lugha zote alizozijua. Saturnino alishuka ngazi bila kutazama chini, brashi ikimdondoshea rangi kwenye kiatu.

"Dada," akasema, "unajua Kiarabu?"

"Najua kuomba maji na kuuliza bei."

"Yatosha. Mengine nitakufundisha. Nataka kukutia kwenye picha."

Saturnino hakuwahi kuondoka Juba miaka yote ya vita, na kwa miaka yote hiyo alikuwa amekaa kwenye vibanda vya video akiwatazama watu wa nchi nyingine wakipendana na kupigana. Alikuwa na uchungu wake. Kila picha iliyooneshwa mjini ilisema Kihindi, au Kichina, au Kiingereza, na pembeni alikaa mtu mwenye maikrofoni, ambaye watu humwita vijei, akiwaeleza watazamaji kwa lugha yao nini kimesemwa. "Wahindi wanasema wenyewe," alizoea kulalamika. "Wachina wanasema wenyewe. Sisi tu ndio tunasemewa. Nataka picha ambamo Juba inafungua mdomo wake na kusema." Kwa hiyo picha yake, aliyoiita *Mlango Wangu*, ingekuwa ya Kiarabu cha Juba tupu. Kamera ilikuwa ya Kiprono, ambaye Jumamosi alirekodi harusi za Wakenya wenzake. Hadithi ilikuwa fupi na safi: mama wa chai wa bandarini anatakwa na tajiri mwenye gari kubwa, anamkataa kwa sababu ana mke, basi.

Kilichobaki kilikuwa ruhusa ya Shangazi Harriet.

Huyu Harriet hakuwa mwanamke wa kuchezewa. Ndiye aliyembeba Natalina mgongoni kuvuka mpaka kwenda Uganda, ndiye aliyemlea kambini, akamfunza kuimba, kulima na kutosema uongo, na sasa walipokuwa wamerudi alilima mboga kando ya mto na kuongoza Umoja wa Akina Mama wa kanisa lao. Natalina alimkuta uani akichambua majani ya kudra, yale ya kuteleza kama mlenda, kwa ajili ya mchuzi.

"Kuigiza ni kusema uongo," alisema Shangazi bila kuinua macho.

"Ni mfano tu, Shangazi. Hata kanisani mnatoa mifano."

"Mifano ya kanisani haipaki rangi mdomoni."

"Nami sipaki. Nacheza mama wa chai."

Shangazi alitupa shina moja kwenye sinia, akafikiri. Hakuwa mtu wa kukataa jambo kwa kulisikia tu, na hilo ni la kumsifu, maana wengi wanaojiita wacha Mungu hukataa kwanza na kufikiri baadaye.

"Basi sikia," akasema. "Huo mdomo niliulisha uji mimi, nami nina haki ya kujua kinachotoka humo. Picha ikiwa tayari nitakwenda mwenyewe, nitakaa, nitasikiliza. Yakitoka maneno ambayo usingeweza kuyasema mbele ya mchungaji, ndio mwisho wa kuigiza kwako, na ndio mwisho wa kukaa nyumba hii. Utarudi Kajo-Keji ukalime muhogo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Shangazi," akasema Natalina, akakimbia kabla haijaongezwa amri nyingine. Hakuwa na hofu. Maneno yake aliyajua yote, na hakuna hata moja lililohitaji kuoshwa. Jambo moja tu hakuna aliyelifikiria siku ile, si mpwa wala shangazi: Harriet, kama watu wengi walioishi miaka mingi uhamishoni, hakujua Kiarabu zaidi ya salamu. Alikuwa ameapa kusikiliza picha ya lugha asiyoijua.

Wiki zilizofuata Natalina aliishi kama mtu aliyepanda kitu kisicho na breki. Mchana alifua, jioni alijifunza maneno, usiku alicheka usingizini. Siku ya kwanza ya kupiga picha walikwenda bandarini, kando ya mto, ambako mashua kubwa za mizigo zilikuwa zinashushwa. Natalina aliweka jiko, akaweka birika, akajifunga kitambaa kichwani, akakaa. Kabla Kiprono hajawasha kamera, wachukuzi walikuwa wamejipanga mbele yake.

"Mama, chai. Sukari nyingi."

"Mimi si mama wa chai," akasema Natalina. "Mimi ni mwigizaji."

"Sawa, mwigizaji. Sukari nyingi."

Akawapa. Angefanya nini? Chai ilikuwepo, na watu walikuwa na kiu. "Endelea hivyo hivyo, usisimame!" alinong'ona Kiprono nyuma ya kamera. "Inatoka poa sana!" Ndipo Saturnino, ambaye alijipa mwenyewe nafasi ya tajiri, aliposhuka kwenye gari la kuazima akiwa na suti na miwani ya jua, akapita mbele ya foleni na kumshika Natalina mkono kama hadithi ilivyotaka. Magunia yalianguka chini. Mchukuzi mmoja, pande la mtu, alimnyanyua tajiri kwa kola hadi viatu vikaning'inia.

"Mwache mama wa chai, wewe mzee usiye na adabu!"

"Ni sinema!" alilia Saturnino. "Ndugu yangu, ni sinema!"

"Sinema iko wapi?"

"Ile kamera pale!"

"Kumbe na kumrekodi unamrekodi! Huna hata haya!"

Natalina alianguka nyuma ya birika kwa kicheko. Kiprono hakuzima kamera, na ikawa ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, maana hakuna mwigizaji aliyewahi kuonesha hofu kama ile ya Saturnino akiwa hewani.

Kazi ngumu ilikuwa ile hotuba ya mlangoni, tajiri anapomfuata mama wa chai nyumbani kwake. Walitumia mlango wa stoo ya mashuka pale hotelini. Shida ilikuwa makelele. Juba ya miaka ile iliishi kwa jenereta. Kila kiwanja kilikuwa na yake, ikinguruma tangu asubuhi, na kipaza sauti cha Kiprono kilimeza mngurumo wote na kuacha sauti ya mtu nje. Walingoja jenereta ya hoteli ipumzishwe mchana, wakawaomba majirani wazime zao kidogo, majirani wakazima, kimya kikaingia, Natalina akafungua mdomo, na ndege ikapita juu ya mapaa. Uwanja wa ndege ulikuwa pale pale. Ndege ikaenda, Natalina akafungua mdomo, ikaja nyingine, ya misaada, nzito kama ghala.

"Usiseme, lakini usiondoe uso!" Kiprono alimpigia kelele. "Baki hivyo hivyo! Mtazame! Mtazame tu!"

Natalina akamtazama Saturnino kimya, macho yamemkaza, hadi ngurumo ikapungua, akasema sentensi moja, ikaja ndege nyingine, akamtazama tena. Ndivyo hotuba ile ilivyopata vituo virefu vya kimya ambavyo baadaye watu waliokwenda shule walivisifu kama sanaa ya hali ya juu. Kwa kweli vilikuwa vya ndege zilizobeba unga na mafuta ya kula kwenda mikoani.

Picha ikakamilika. Ukumbi walioupata ulikuwa wa Agum, mtu mrefu mpole aliyekuwa na banda la mabati na mabenchi nyuma ya maduka ya Nyakuron. Agum alifurahi sana kuonesha picha ya nyumbani, ila aliweka sharti lake: vijei lazima awepo.

"Lakini ni Kiarabu!" Saturnino alishika kichwa. "Ni lugha yetu! Tumefanya haya yote ili tusisemewe!"

"Lugha yako wewe uliyebaki," akasema Agum kwa upole. "Nusu ya wateja wangu wametoka Uganda na Kenya. Kiarabu hawajui. Na hata wanaojua, picha bila vijei kwao ni chai bila sukari. Nitamleta Yafesi, atasema Kiswahili, wote wataelewa."

Yafesi alikuwa Mganda mwembamba, mwenye sauti nene mara mbili ya mwili wake. Saturnino alimsihi aje kwanza aitazame picha. Yafesi aliona ametukanwa. "Mimi hapana tazama picha mbele, mzee. Picha inanikuta, mimi naikuta. Kichina mimi hapana jua, Kihindi hapana jua, na watu wanalia machozi. Kiarabu ndio kitanishinda?"

Jumamosi alasiri banda lilijaa hadi watu wakakaa juu ya mapaja ya jamaa zao. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, joto likawa la tanuri la mkate. Shangazi Harriet aliingia akiwa na akina mama wawili wa Umoja, wote watatu katika sare zao za kanisa, na ukumbi ukawapisha kimya kimya hadi benchi la mbele. Natalina alikaa kando yake. Alimnong'oneza, "Shangazi, atakueleza yule mwenye maikrofoni," akaona amefanya jambo la busara.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Bandari ikatokea, birika ikatokea, uso wa Natalina ukajaa ukuta mzima, na ukumbi ukapiga yowe la furaha kana kwamba mtoto amezaliwa. Saturnino aliponing'inizwa na mchukuzi watu walisimama juu ya mabenchi. Hata Shangazi alifunika mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika. Natalina aliona moyo wake unapaa, unagonga mabati.

Kisha ukaja mlango.

Ukutani, Natalina wa picha alimtazama tajiri na kumwambia kwa Kiarabu, *Gari lako ni zuri, lakini mkeo yuko wapi?* Yafesi alishika maikrofoni. "Mama anasema: gari yako ni mzuri, lakini mbona umeniletea moja tu?"

Banda lilipasuka kwa kicheko. Yafesi alisikia kicheko kile kama farasi anavyosikia mjeledi. Ikaja ile ndege, na kile kimya kirefu, na Natalina wa ukutani akikaza macho. "Sasa anamwangalia," akasema Yafesi. "Anapima mfuko wake kwa macho. Eh, mama huyu! Macho yake inajua kuhesabu!"

Ukutani Natalina alisema: *Mimi nina mama aliyenifunza kutosheka.*

"Anasema: mimi iko na mama, na yeye pia anataka gari!"

Watu waliangukiana. Akina mama wawili wa Umoja walitazama miguu yao. Shangazi Harriet hakutazama miguu yake. Alikuwa amegeuka, anamtazama mpwa wake, na leso ilikuwa imerudi mkobani.

"Nata. Hayo ndiyo maneno yako?"

"Hapana, Shangazi! Wallahi si yangu!"

"Nimesikia kwa masikio yangu," akasema Shangazi, akasimama, akaanza kukusanya mkoba wake.

Ulimi hauna mfupa, na wa Yafesi haukuwa hata na aibu. Lakini tuseme ukweli ulivyo: maneno ya mtu ni mali yake, na anayeyabadilisha ili achekwe ni mwizi, hata kama ukumbi mzima unamshangilia. Natalina hakuwa na nafasi ya kuyafikiri haya kwa utaratibu. Aliruka tu. Alijikuta mbele ya ukuta, mwanga wa projekta ukimpiga usoni, uso wake mkubwa ukicheza juu ya gauni lake dogo.

"Uongo!" akapaza. "Sikusema hivyo!"

"Kaa chini, unaziba picha!" walipiga kelele watu wa nyuma.

"Dada, hapana haribia mtu kazi," alisema Yafesi kwenye maikrofoni.

Nyuma yake, kwenye ukuta, mdomo wake ulikuwa unafunguka kwa sentensi nyingine. Natalina hakuhitaji kugeuka. Alikuwa ameisema mbele ya mashati yote ya Thongpiny. Akaisema kwa Kiswahili, palepale, mdomo kwa mdomo na picha: "Mwanamume anayemficha mkewe leo, kesho atanificha mimi!"

Watu walitazama ukuta, wakamtazama yeye, wakatazama ukuta.

"Ni yeye!" mtu akapiga yowe. "Wallahi ni yeye! Mama wa chai mwenyewe!"

Basi tena! Mabenchi yalitetemeka. Yafesi alijaribu kumfunika kwa maikrofoni, lakini mtu aliyekulia kambini akiita watu kuvuka mashamba ya muhogo hafunikwi na kipaza sauti cha kubebwa mkononi. Kila ndege ilipopita ndani ya picha na kimya kikaja, Natalina alikijaza: akawaeleza watu kwamba mama wa chai hapimi mfuko, anapima uso wa mwongo. Yafesi hakuwa mjinga. Alipoona amenyang'anywa mwanamke, alibaki na mwanamume. Akageuka kuwa tajiri.

"Nitakujengea nyumba ya ghorofa!" akanguruma.

"Mkeo anaishi kwenye nini?"

"Nitakupa gari mbili!"

"Nina miguu miwili, yote inanifikisha kanisani!"

"Nitakununulia ndege!"

"Ndege nimezichoka! Zimeniharibia hotuba yangu!"

Kiprono, aliyekuwa akiangalia mashine, alikaa chini sakafuni akalia kwa kicheko. Picha iliisha. Ukuta ulibaki mweupe mtupu, na hakuna aliyejali. Tajiri na mama wa chai waliendelea kugombana mbele ya ukuta mweupe, Yafesi akitoa jenereta, ng'ombe, safari ya Nairobi, Natalina akivikataa kimoja baada ya kingine, ukumbi ukiitikia kila kukataa kama kibwagizo. Hadi Shangazi Harriet, aliyekuwa bado amesimama na mkoba mkononi, alipopiga hatua mbele na kumnyooshea Yafesi kidole.

"Wewe kijana," akasema. "Mama yako yuko wapi?"

Yafesi alishusha maikrofoni. "Yuko Jinja, mama."

"Anajua unatongoza watoto wa watu namna hii?"

"Hapana, mama."

"Haya. Kaa chini."

Yafesi akakaa chini. Paa la Agum lilikaribia kuruka.

Nje, katika mwanga wa jioni, Natalina alisimama akingoja hukumu, jasho likimtiririka, watu wakimgusa bega na kukimbia. Shangazi alimpangusa uso kwa leso ileile, bila huruma, kama anavyopanguswa mtoto aliyekula embe.

"Nimesikia," akasema. "Safari hii ilikuwa sauti yako. Maneno hayana kosa. Hata mchungaji angeyavumilia."

"Kwa hiyo niendelee, Shangazi?"

"Endelea. Ila nikuonye. Mwanamume akikusimamia mlangoni, usimjibu maneno mengi hivyo. Funga mlango."

Kwa msimu mzima wa mvua Natalina alikuwa mtu mashuhuri. Alisimama mbele ya picha yake Nyakuron, akasimama Munuki, akasimama Gudele chini ya turubai huku mvua ikipiga, Yafesi akiwa tajiri mwenye adabu zaidi kila mara, maana Shangazi hakukosa hata onesho moja na kiti chake cha mbele kiliachwa wazi. Watu wa sokoni, ambao zamani walimcheka kwa kutojua Kiarabu, sasa walimwita kutoka kila kibanda: "Mkeo yuko wapi?" Naye akajibu kwa Kiarabu safi, akapita akiyumba kwa furaha kama bibi arusi.

Aliyelia alikuwa Saturnino. Tumaini lake lilikuwa diski: angenakili picha kwenye diski nyingi, zingeuzwa sokoni Konyo Konyo, na kwa mapato yake angetengeneza picha ya pili, ambayo Natalina alikuwa ameanza kuota usiku. Diski zikauzwa asubuhi, zikarudishwa jioni.

"Hii haina Natalina," walisema wanunuzi.

"Haina vipi? Si huyu hapa? Uso wote huu!"

"Huyo ni picha. Sisi tunamtaka yule anayesimama."

Saturnino alijaribu kuwaeleza kwamba yule anayesema ndani ndiye yule yule. Walimsikiliza kwa heshima na kumwachia diski zake. Alikuwa ametaka Juba iseme yenyewe ndani ya picha. Natalina alikuwa ameifanya iseme nje, na watu wakishaonja mkate wa moto hawarudi kwenye wa jana. Hakumlaumu. "Ungefanya nini?" alimwambia, akiwa juu ya ngazi tena, akiandika jina la duka la simu. "Uache shangazi yako aondoke?"

"Nisingeweza."

"Basi. Mimi nami nisingeweza." Akachovya brashi. Muda si mrefu Kiprono akapata kazi Eldoret, akaenda na kamera yake, na picha ya pili ikaishia pale, kwenye ndoto.

Lakini Agum hakutaka kumpoteza. Alimwita Natalina bandani mchana mmoja, pakiwa hapana mtu, naye akaja na Shangazi. Agum alikuwa na pendekezo: Natalina awe vijei. Vijei wa kwanza mwanamke mjini. Yafesi asemee wanaume, yeye asemee wanawake, kila Jumamosi, picha za nchi zote.

"Kubali, mwanangu," akasema Shangazi, kabla Natalina hajavuta pumzi.

Natalina aligeuka. "Shangazi! Wewe?"

"Kwani mimi nina nini? Nimekwishazoea kile kiti."

Agum alitia diski ya Kichina kumwonesha kazi ilivyo rahisi. Kwenye ukuta alitokea mwanamke amevaa nguo ndefu, amesimama kwenye mvua mbele ya lango, akisema maneno mengi kwa mtu aliyempa mgongo. Agum alimpa Natalina maikrofoni. Natalina aliisogeza mdomoni. Ilikuwa nzito, ya baridi, na aliitamani. Asiseme mtu kwamba hakuitamani. Mdomo wa yule mwanamke ulifunguka, ukafungwa, ukafunguka.

"Sijui anasema nini," akasema Natalina.

"Hakuna anayejua!" Agum alicheka. "Ndio uzuri wake. Sema lolote. Ulivyo na kipaji, watakufa kwa kicheko."

Natalina alimtazama yule mwanamke wa mvuani kwa muda. "Na yeye hayupo hapa," akasema polepole. "Nikimsemea vibaya, nani ataruka kutoka benchini?" Akamrudishia Agum maikrofoni. "Hapana, ndugu yangu. Asante sana. Lakini hapana."

Agum alimtazama Shangazi apate msaada. Shangazi Harriet alitazama kiti chake cha mbele, akahema kwa sauti kubwa kama mtu anayeweka chini ndoo iliyojaa, kisha akaenda akakikalia kwa nguvu zote.

"Basi mwacheni aseme mwenyewe," akaamuru. "Ongeza sauti, Agum."

Agum akaongeza. Wakakaa watatu kwenye banda tupu, Kichina kikijaa mabatini, mwanamke akisema na kusema, mtu wake akiwa bado amempa mgongo.

"Anamwambia mtoto ni wake," alinong'ona Shangazi.

"Mtoto gani, Shangazi? Anamwambia asiende vitani."

"Vita iko wapi hapo? Tazama mkono wake."

"Mimi nadhani anasema…" alianza Agum.

"Nyamaza, Agum!" walimkaripia wote wawili kwa pamoja, na Shangazi akatoa leso, maana mwanamke ukutani alikuwa ameanza kulia.